Bolti imegoma au imekatikia ndani ya injini: soma dalili kwanza kabla hujaongeza nguvu

Bolti nyingi nilizokuta zimekatikia kwenye injini hazikukatwa na kutu, zilikatwa na mtu. Kutu ilizishika tu, alafu akaja mtu na paipu ya mita moja akaivalisha kwenye spana akaning'inia, na mtu huyo mara kadhaa nilikuwa mimi mwenyewe kwa hiyo simsemi mtu hapa. Bolti kabla ya kukatika huwa inatoa dalili, mkononi unaisikia kabisa, na hata ikishakatika kile kipande kilichobaki bado kinakwambia kimeshikwa na nini. Shida ni kwamba dawa ya dalili moja inaua kwenye dalili nyingine, ndo maana unaona mtu kafanya alichoona mwenzie kafanya alafu yeye kaharibu hedi nzima, yaani kichwa cha injini.

Kabla ya yote jua unashindana na kitu cha ukubwa gani. Sisi tunaziita bolti kwa namba ya spana, ila namba hiyo ni ya kichwa, shingo ni nyembamba zaidi. Kwenye injini nyingi za Kijapani bolti ya spana 10 unene wake ni milimita 6, ya 12 ni milimita 8, ya 14 ni milimita 10 na ya 17 ni milimita 12. Za Ulaya utakuta sana 13 kwenye milimita 8 na 16 au 17 kwenye milimita 10. Sa sikia hii: bolti ya milimita 6 yenye chapa 8.8 kichwani (namba ya uimara wake) inakazwa kwa Nm 10 hivi (Nm ni kipimo cha nguvu ya kuzungusha), ya milimita 8 kama 25, ya milimita 10 karibu 50. Nm 10 ni sawa na kilo 5 zinazoning'inia kwenye mpini wa sentimita 20, basi. Mtu wa kilo 60 akining'inia kwenye paipu ya mita moja anaweka karibu Nm 600. Hiyo bolti ya spana 10 haina nafasi yoyote ya kupona hapo, hata ingekuwa mpya.

Haisogei kabisa, hata nywele

Usiguse spana kwanza, angalia. Piga brashi ya waya kuzunguka kichwa na kama upande wa pili wa tundu uko wazi angalia na huko ncha inapotokea. Unga mwekundu au wa kahawia ni kutu ya kawaida, chuma ndani ya chuma. Unga mweupe kama chaki ni alumini inaliwa, yaani bolti ya chuma imekaa kwenye alumini, maji yakaingia, metali mbili tofauti zikaanza kulana na ule unga ukajaza meno yote. Hii utaikuta sana kwenye nyumba ya thamostati, waterpampu na kava za pikipiki. Ukiona mabaki ya kitu kama rangi ngumu, nyekundu au bluu, kwenye meno ya bolti jirani uliyofungua salama, hiyo ni gundi ya kuzuia bolti isilegee, na kama ni ile nyekundu utamwaga mafuta mpaka kesho bila faida, yenyewe inataka moto mpaka kama nyuzi 250 ndo inalainika. Na kama hamna unga wala gundi, jiulize kama sio meno ya kushoto. Usicheke, nati za klachi kwenye pikipiki kadhaa na feni za injini kadhaa zinafunguka kwa kuzungusha kulia, na watu wanazikaza kwa nguvu zote huku wanadhani wanafungua.

Kwa kutu ya kawaida dawa ya kwanza ni mafuta ya kupenyeza na muda, na muda ndo watu hawana. Unanyunyiza, unasubiri dakika tano, unaanza kukaza misuli. Hapana. Nyunyiza jioni, asubuhi rudia, katikati gonga gonga kichwa cha bolti na nyundo, moja kwa moja kwenye kichwa kama unapigilia msumari, sio kwa hasira ila makofi makavu kama kumi hivi. Yale makofi ndo yanavunja kutu kwenye meno na kufungua vinjia vya mafuta kupita. Kama huna ya kopo, changanya ATF (oili ya giaboksi ya otomatiki) na asetoni nusu kwa nusu, inapenya vizuri sana ila inawaka kama petroli, kwa hiyo siku unayotumia hiyo mambo ya moto sahau mpaka ikauke kabisa.

Alafu jaribu kukaza kwanza. Najua inasikika vibaya lakini ukiisukuma kidogo tu upande wa kukaza mara nyingi ile kutu inapasuka, unasikia kamlio "ta", hapo ndo unageuza upande wa kufungua. Ni kidogo tu, usije ukaikata kwa kuikaza.

Moto sasa. Hapa ndo pana kosa kubwa. Kama bolti iko kwenye chuma, mfano bloku la zamani au manifodi ya ekzosi, pasha bolti yenyewe mpaka iwe nyekundu kichwani, iache ipoe taratibu. Ikipata moto inatanuka inaponda kutu, ikipoa inanywea na kuacha upenyo. Bado ikiwa ya moto kiasi igusishe mshumaa, nta inayeyuka na kunyonywa ndani ya meno, na mi kwa stadi (bolti zisizo na kichwa) za ekzosi naiamini nta kuliko kopo lolote. Lakini kama bolti iko kwenye alumini geuza mambo: pasha alumini inayoizunguka, bolti iache. Alumini inatanuka karibu mara mbili ya chuma kwa joto lile lile, kwa hiyo tundu linapanuka kuliko bolti. Na huhitaji moto mkubwa, ukidondosha tone la maji likachemka na kukauka papo hapo inatosha, jaribu kufungua hapo hapo. Alumini haiwi nyekundu kabla ya kuyeyuka, haikupi onyo, inakaa na rangi yake ile ile alafu ghafla kona imedondoka. Nimeona sikio la kava likidondoka sakafuni kama tone la maji na mwenye tochi bado anasema haijapata moto vizuri.

Kabla hujawasha tochi ondoa paipu za mafuta, waya na sili za mpira zilizo karibu, na kama ulisafisha na dawa ya kusafishia breki hakikisha imekauka kabisa. Zile zenye klorini zikikutana na moto zinatoa hewa ya sumu kweli kweli, sio ya kukohoa tu.

Inasogea lakini unaisikia kama mpira

Hii ndo dalili ya kuiheshimu kuliko zote. Bolti inayofunguka vizuri inagoma, inagoma, alafu inaachia kwa mlio na inakuwa nyepesi. Bolti inayoelekea kukatika haigomi hivyo, spana inasogea taratibu, laini, unafurahi unasema hii imekubali, kumbe kichwa ndo kinazunguka na meno chini yametulia pale pale, shingo inajikunja kama unakamua nguo. Ukiachia spana inarudi nyuma kidogo yenyewe. Hiyo kurudi ndo jibu, kama inarudi basi haijafunguka.

Njia rahisi ya kuhakikisha: chora mstari na chaki au rangi kutoka kwenye kichwa cha bolti kuja kwenye kipande inachoshika. Sukuma, achia, angalia. Mstari wa kichwa ukirudi kukutana na wa pili, chuma kinanesa tu, bado kiko hai, simama hapo hapo. Ukibaki umepishana, spana ikiwa laini, hakukuwa na mlio, na kuna upinzani ule ule, kimeshaanza kujikunja jumla. Simama pia. Rudi kwenye mafuta, nyundo na moto, hata kama umeshafanya mara moja. Hakuna aibu kuiacha gari mpaka kesho.

Inazunguka robo alafu inagoma tena

Afadhali hii. Meno yameachia ila takataka iliyovunjika inasukumwa mbele na kubanana. Ukilazimisha hapa unasaga ule uchafu na kuula nao meno ya tundu, hasa kwenye alumini. Rudisha ndani robo, weka mafuta, toa robo na kidogo, rudisha tena, mbele nyuma mbele nyuma, inachosha lakini inatoka. Ikianza kupata joto mkononi pumzika, chuma cha moto kinashikana.

Plagi zilizokaa sana kwenye hedi ya alumini ni ugonjwa huu huu, ila kinachobana ni kaboni kwenye ncha yake iliyo ndani ya chumba cha moto. Injini ipoe kwanza, fungua kidogo tu hata moja ya nane ya mzunguko, weka mafuta ya kupenyeza, iache ishuke kwenye meno, alafu mbele nyuma. Ukivuta kwa mkupuo mmoja plagi inatoka imevaa meno ya hedi kama soksi.

Kichwa kimeliwa, spana inateleza

Sababu kubwa ni soketi ya kona 12 na spana ya mdomo iliyopanuka. Kona 12 ni za kazi ya haraka kwenye bolti nzima, kwenye bolti ngumu tumia kona 6 tu. Kama kimeanza kuliwa kidogo safisha kutu na rangi kichwani mpaka soketi ikae mpaka chini, maana nusu ya "kichwa kimeliwa" ni soketi haijaingia vizuri.

Kikiwa kimeliwa kweli, pigilia soketi ndogo zaidi kwa nyundo. Hapa soketi za inchi zinasaidia sana: ya 3/8 ni milimita 9.5, inapigiliwa kwenye 10 iliyoliwa inaingia kwa shida na kukamata, ya 7/16 ni milimita 11.1 kwa ajili ya 12, ya 1/2 ni 12.7 kwa ajili ya 13. Bolti za eleni (zenye tundu la pembe sita kichwani) zilizoliwa ndani pigilia biti ya nyota iliyo kubwa kidogo kuliko tundu. Kwa zote hizi, ile kupigilia kwenyewe ni nusu ya dawa kwa sababu ya yale makofi niliyosema.

Skrubu za msalaba kwenye pikipiki za Kijapani zina kisa chake. Ule msalaba sio sawa na wa bisibisi ya kawaida, kona zake zimechongwa tofauti na nyingi zina kadoti kadogo kichwani, bisibisi ya kawaida haifiki chini inapanda na kuchimba. Tafuta bisibisi ya aina yake, au ile ya kugonga na nyundo ambayo ukiipiga inazunguka yenyewe, inasukuma ndani na kuzungusha kwa wakati mmoja. Ni kifaa kidogo cha mkono na sijui kwa nini watu wananunua mashine ya umeme ya kufungulia bolti kabla ya hiki.

Ikishindikana yote, toboa kichwa. Watu wanaogopa sana hapa bure. Biti ya drili yenye unene wa shingo, toboa katikati mpaka kichwa kidondoke, chomoa kava au pampu, sa umebaki na shingo imesimama nje kama kidole. Na kwa kuwa kichwa ndo kilikuwa kinavuta na kubana, kikiondoka mvutano wote umeisha, mara nyingi ile shingo unaizungusha na plaizi kama mchezo. Mi siku hizi kama kichwa kimeliwa na kiko wazi nafika hapa mapema, sipotezi saa nzima na tindo.

Inazunguka tu haitoki

Moja ya mambo matatu. Nati ya nyuma inazunguka nayo, weka kioo kidogo na tochi utaona. Au meno ya tundu yameng'oka, bolti inazunguka na ukiivuta inacheza nje ndani. Au imeshakatika chini na unazungusha kipande cha juu, hii inatoka ukiivuta kwa mkono.

Kwa meno yaliyong'oka ingiza bisibisi bapa chini ya kichwa au chini ya washa, inua kidogo huku mwenzako anazungusha, inapata kitu cha kupandia na kutoka. Toa alafu angalia kama kwenye meno ya bolti kuna waya wa alumini umejizungusha. Upo? Basi hilo tundu limeisha, ruka uende chini kwenye matundu.

Imekatika na kipande kimetokeza

Kabla ya kufanya chochote tazama sura ya pale ilipokatika, tumia tochi na hata kioo cha kukuzia. Hapa watu hawaangaliagi kabisa na ndo penye siri. Ukiona uso umejizungusha kama mkorogo, imekatwa kwa kukunjwa, yaani meno chini yamekamata kweli na kutu au unga wa alumini bado uko. Ukiona sehemu moja ni nyeusi au ina kutu au ina mistari mistari kama mawimbi ya ufukweni na sehemu nyingine inang'aa, hiyo ilikuwa na ufa wa siku nyingi ikachoka yenyewe, na kipande kilichobaki mara nyingi hakijashikwa na kitu, jaribu kukizungusha na ncha ya senta panchi (kile chuma chenye ncha cha kuwekea alama) ukigonga pembeni taratibu kuelekea kushoto. Nimetoa vipande vya stadi za ekzosi kwa msumari na nyundo ndogo wakati mwenye gari ameshapata bei ya hedi nyingine.

Kama kimekamata na kimetokeza milimita tano au zaidi, unaweza kukibana na vaisi gripu, ile plaizi inayojifunga. Kichonge kwa tupa pande mbili bapa kwanza ili meno ya plaizi yapate pa kushika, na bana mpaka ule mkono ukufungie kwa shida. Ile ya kufunga nati mbili zikibanana inafanya kazi kwenye stadi nzima yenye meno mazuri tu, kwenye kipande chenye kutu zote mbili zitazunguka utajisumbua.

Ila mfalme ni nati ya kuchomelea. Chukua nati yenye tundu kubwa kidogo kuliko kipande, iweke juu, chomelea kwa ndani ukianzia katikati ya kipande kwenda kwenye kuta za nati. Kama kipande ni kifupi anza na washa, chomelea washa, alafu nati juu ya washa. Weldi ya waya ndo nzuri kwa kazi hii. Nati au washa iliyopakwa zinki saga ile zinki kwanza, moshi wake unakulaza na homa usiku. Toa waya wa betri kabla hujaanza, kompyuta ya gari haipendi weldi. Alafu subiri! Kikiwa chekundu ni laini, kitakatika tena hapo hapo. Acha kipoe mpaka unaweza kukigusa kwa haraka, weka nta au mafuta, alafu mbele nyuma taratibu. Ikikatika weldi chomelea nyingine, mara ya tatu ya nne ndo inaachia, kwa sababu kila safari unaipasha na kuipooza na huo ndo uganga wenyewe, nati ni mpini tu.

Na kwenye alumini usiogope weldi. Weldi ya chuma haishiki kwenye alumini, ukiweka matone katikati ya kipande, hata kikiwa kimezama milimita mbili tatu ndani ya tundu, unajenga kamnara taratibu mpaka kinatokeza, na meno ya alumini pembeni yanabaki salama. Kwenye tundu la chuma hii kazi ya kujenga mnara muachie mwenye mkono mwepesi, ukigusa ukuta umeunganisha bolti na bloku.

Imekatika usawa au ndani, na weldi huna

Hapa unaingia kwenye kutoboa, na kutoboa ni kazi ya katikati. Nusu ya milimita ikikosea, biti inakimbilia kwenye alumini kwa sababu ni laini kuliko bolti, ukija kushtuka umetoboa ukuta wa meno na bolti iko pale pale inakutazama.

Saga uso uwe bapa, piga senta panchi, angalia kutoka pande mbili, kama imekaa pembeni isukume kwa kupiga kwa kuinamisha mpaka ifike katikati. Ujanja ninaoupenda: rudisha kava au nyumba uliyoitoa, ifunge na bolti zake nyingine, alafu kwenye tundu la bolti iliyokatika ingiza kipande cha bomba kinachokaa bila kucheza, ndani yake biti inapita. Kava lenyewe linakuwa rula yako. Anza na milimita 3 au pungufu, mwendo wa drili wa polepole, mafuta, toa vumbi mara kwa mara. Kama unaweza kupata biti za kushoto na drili yako inarudi nyuma, tumia hizo, mara nyingi zikifika katikati zinakamata na kipande kinatoka chenyewe kimekaa kwenye biti.

Sasa ile iziauti, kile kichomoleo cha mkunjo unachopigilia kwenye tundu ulilotoboa. Wengi wanakimbilia hiki na mi nitasema wazi sikipendi. Ni chembamba kuliko bolti iliyokatika, na bolti yenyewe ilikatika kwa nguvu ulizoweka, sa fikiria ni nani atakatika wa pili. Juu ya hapo kina umbo la kabari, kadri unavyokaza kinapanua bolti na kuibana zaidi kwenye kuta. Kinafaa kwa kipande ambacho hakijakamata, yaani kile cha mpasuko wa kuchoka niliosema juu. Kwa bolti ya milimita 6 kwenye nyumba ya thamostati iliyojaa unga mweupe, usithubutu. Mimi nilithubutu. Saa tatu usiku, bolti ya spana 10, nikatoboa vizuri katikati kabisa hata nikajisifu, nikapigilia iziauti, nikazungusha na mpini wa tepu (tepu ni kile chuma cha kukatia meno ndani ya tundu), nikasikia "tik" ndogo kama kijiti cha kiberiti. Nikakaa chini kwenye ndoo. Kile chuma ni kigumu sana, biti ya drili ya kawaida inateleza juu yake na kulia tu.

Badala yake endelea kutoboa kwa hatua: milimita 3, 4, alafu ile ya mwisho inayolingana na meno. Bolti ya milimita 6 yenye meno ya 1.0 (umbali wa jino hadi jino kwa milimita) ishia biti 5.0. Milimita 8 meno ya 1.25 ishia 6.8. Milimita 10 meno ya 1.25 ishia 8.8, na ya 1.5 ishia 8.5. Kama umekaa katikati kweli, kinachobaki ni ganda jembamba kwenye meno, unalichokonoa na ncha kali linakunjamana ndani na kutoka kama springi, alafu pitisha tepu polepole kusafisha. Kama hujawa katikati simama kwenye biti ndogo zaidi, pasha alumini moto, lile ganda lililodhoofika litaachia.

Iziauti au tepu imekatikia ndani

Pole. Vyuma hivi vigumu vina udhaifu mmoja, vinavunjika kama kioo. Vaa miwani, chukua panchi ndogo ngumu na mpe makofi makali, mara nyingine inapasuka vipande unavitoa na sumaku na sindano. Tepu ni rahisi zaidi kwa sababu ina mifereji. Ikikataa ni biti ya kabaidi (ile ngumu kuliko biti ya kawaida) kwenye mashine iliyosimama, usijaribu kwa drili ya mkono, ikitikisika nayo inakatika na sa una vitu vitatu ndani ya tundu moja. Karakana zenye mashine ya kula chuma kwa cheche za umeme wanaitoa bila hata kugusa ukuta, kwa hedi ya maana ndo njia ya akili.

Kwa kipande kidogo cha alumini kinachoweza kuzama chote kwenye chombo kuna njia ya zamani ya mafundi saa: shabu. Shabu ileile ya dukani, iyeyushe kwa wingi kwenye maji ya moto, zamisha, weka ikae ya moto. Inakula chuma taratibu na alumini inaiacha. Inaweza kuchukua siku, utaona vipovu vinatoka kwenye kile chuma. Toa kwanza kila kitu kingine cha chuma kwenye hicho kipande, pini, beringi, stadi, maana shabu haijui kipi unakihitaji. Ile ya kwangu ya thamostati ilikuwa kwenye hedi, haiwezi kuzama popote, niliitoa kwa panchi na matusi.

Bolti imetoka, tundu limeharibika

Usiende bolti kubwa zaidi haraka, mara nyingi ukuta hautoshi. Weka springi ya meno: unatoboa kwa biti inayokuja na seti yake, unapitisha tepu yake maalum, unazungusha ile springi ya waya iingie, unavunja kaulimi kake cha chini na kukatoa, usikaache kadondoke ndani ya injini. Kwenye alumini yanakuwa imara kuliko meno ya mwanzo. Kwa tundu la plagi tumia kile kikombe kizima cha chuma badala ya waya, na pakaza grisi nzito kwenye tepu ikamate vumbi, alafu pistoni iwe chini na vuta vumbi lililobaki kabla hujafunga.

Ukifunga bolti mpya safisha tundu mpaka chini. Tundu lililozibwa chini likiwa na oili au maji, bolti ikishuka inageuka pistoni na maji hayabanwi, bloku linapasuka na hutajua kwa nini. Ingiza kitambaa kwenye waya, kikitoka kikavu ndo endelea. Bolti iingie kwa vidole mizunguko minne mitano kabla spana haijagusa. Paka grisi ya shaba kwenye zile za ekzosi na zile za chuma zinazokaa kwenye alumini karibu na maji, ila ukipaka punguza ukazaji kidogo maana inateleza na utavuta bolti zaidi ya namba iliyoandikwa. Bolti za hedi zile za kuvutika, zinazokazwa kwa nyuzi za mzunguko, hazirudi tena, nunua seti.